Kuhusu Bendi Isiyo na Miguu

Mwl. Domisiana (Mstaafu),
Murukulazo, Ngara.
12 Oktoba 2004

Kwa Mhariri Mkuu,
Tovuti ya Mashabiki wa Bendi ya Radi Kavu,
Kambi ya Lukole.

YAH: MATOKEO YA UKAGUZI WA TOVUTI YAKO

Ndugu Mhariri Mkuu,

Shikamoo uliyompa Ineza aniletee niliipokea nikiwa shambani napalilia maharage. Marahaba. Baada ya hapo naomba mambo ya kifamilia tuyaweke kando, kwa kuwa barua hii ni ya kiofisi na ina nakala.

Ili wote watakaosoma nakala waelewe, naeleza tangu mwanzo. Wewe ni Derick Ntakirutimana, mkimbizi kutoka Burundi, mkazi wa Lukole. Unampenda mwimbaji wa bendi ya roki ya Radi Kavu, na kwa kuwa hukujua namna nyingine ya kulisema jambo hilo, umeitengenezea bendi nzima tovuti na kujipa cheo cha Mhariri Mkuu. Mwimbaji huyo ni Ineza, binti wa kaka yangu Gozbert. Mimi ni shangazi yake, na ndimi niliyemlea baada ya mama yake kufariki, Ineza akiwa darasa la pili. Umeleta posa. Ineza anasema tukikataa utajiandikisha kwenye malori yanayowarudisha watu kwenu, na kabla ya Noeli utakuwa umeshavuka. Tukikubali, huenda siku moja mkavuka wote wawili, na mimi sina Ineza mwingine. Hayo ndiyo yaliyopo mezani.

Kaka yangu hawezi kujibu posa kabla shangazi hajakwenda kukagua kwa muoaji. Ndivyo tunavyofanya. Shangazi hupita kama mtu mwenye safari zake, huomba maji ya kunywa, na wakati maji yanatafutwa yeye huzunguka nyuma ya nyumba. Mbele kila mtu anafagia. Nyuma ndiko anakoona kuni, choo, ghala, na kama kuku wanaogopa watu. Nimewakagua waoaji wa mabinti wote wa ukoo wetu. Niliwahi kumkataa bwana mmoja mwenye ng'ombe wengi kwa sababu kuni zake zilikuwa mbichi. Watu walinicheka. Mwaka uliofuata akaoa kwingine, akamfukuza mkewe kwa kosa la kuchelewesha chakula.

Kwako nilikwama. Pale Lukole una chumba kimoja cha udongo chenye turubai la msaada, na jirani yako analo hilohilo, na jirani wa jirani pia. Nitamkaguaje mtu kwa kitu alichogawiwa foleni? Na nyumba ya wazazi wako iko ng'ambo ya mto Ruvubu, uliiacha ukiwa mtoto. Kaka yangu akasema kijana hana mbele wala nyuma, tumkatalie yaishe. Ineza akasusa kula, hata ndizi za nyama. Ndipo ukatuma ujumbe kwamba shangazi akitaka kuona ulichokijenga kwa mikono yako mwenyewe, aende akaitazame tovuti. Mimi ni mtu wa haki. Nikakubali.

Jumamosi nilivaa gauni la misa, nikachukua mwavuli wangu, nikaenda Ngara mjini kwenye chumba cha intaneti cha Bi. Sharifa, yule ambaye ukoo wake unauza vitenge tangu zamani. Sharifa alinikalisha mbele ya mashine, akanifungulia tovuti yako, akanionyesha kile kidude wanachokiita kipanya. Akaniambia, "Mwalimu, bonyeza maneno ya bluu tu. Kingine chochote usikiguse, utanizimia mashine zote." Kisha akaenda kuwahudumia madereva waliotaka kupiga simu Kigali. Nilitii. Nimetoa maagizo miaka yote ya kazi yangu, siwezi kushindwa kuyafuata.

Yafuatayo ndiyo niliyoyaona.

1. Mlangoni. Tovuti yako kwa mbele ni nyeusi kama sufuria ya msibani, na katikati kuna radi inayopiga, inazima, inapiga tena. Ndugu Mhariri, huku kwetu radi iliunguza paa la ghala la kahawa, na mwezi uliopita imeua mbuzi wawili waliokuwa hawana kosa lolote. Mtu anayetaka kuoa haweki radi mlangoni. Juu yake umeandika "Karibuni mashabiki!" Mimi si shabiki. Mimi ni mkweo mtarajiwa na nina mvi. Shikamoo haikuwapo. Maji sikupewa. Nilikohoa mara kadhaa kama tunavyofanya tukifika nyumbani kwa watu, na aliyeitika ni dereva wa lori kwenye kiti cha jirani, akanipa pole ya mafua.

2. Miguu. Hili limeninyima usingizi. Nilibonyeza neno la bluu "Wanabendi", nikakuta picha kubwa za vijana wetu, na hakuna hata mmoja mwenye miguu. Ineza anaishia kiunoni. Renatus ameshika gitaa, na gitaa lenyewe limekatika katikati. Leonidas wa ngoma ndiye ameonewa kabisa: zimebaki nywele, paji la uso, na vijiti viwili hewani. Sasa mimi namfahamu Leonidas. Miguu anayo, tena mirefu, nimeiona ikiruka uzio wangu wa migomba. Umeipeleka wapi?

Usidhani ni jambo dogo. Wewe mwenyewe umeniambia kupitia Ineza kwamba tovuti inaonekana hadi Ulaya. Basi fikiri mtu wa shirika la misaada, ameketi ofisini kwake huko, anafungua na kuona vijana wa Ngara wote hawana miguu. Atalia. Kisha atachangisha. Kisha tutashtukia limefika Benako kontena zima la miguu ya bandia, na wewe unajua mashirika yakishaleta kitu hayarudi nacho. Mwaka ule walituletea makoti ya theluji na tuliyavaa. Nani atakwenda kuwaeleza kwamba vijana ni wazima ila Mhariri Mkuu alikuwa na haraka?

3. Sentensi. Nimesahihisha madaftari ya darasa la tatu tangu enzi za chaki za kuvunjavunja ili zitoshe, lakini sijaona kama hii. Chini ya picha ya Ineza umeandika, nanukuu: "Ineza alizaliwa Murukulazo, na baada ya mama yake kufariki alilelewa na". Mwisho. Hakuna nukta, hakuna neno. Alilelewa na nani, Ndugu Mhariri? Na fisi? Na baraza la kata? Kuna mtu alikuwa anaamka kumpikia uji mtoto huyo, akamsuka, akamlipia gauni la komunyo, na alipoanza kuimba muziki huu wa roki, siku ambayo jirani alizima mashine yake ya kusaga akidhani imekufa, mtu huyohuyo alisimama akawaambia wanakijiji kwamba huo ni muziki na wauzoee. Mtu huyo ana jina. Jina lake si refu. Lingetosha pale.

Nakiri kwamba hapo nilivua miwani nikaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Niliumia, na sioni haya kuliandika.

4. Lusahunga. Neno la bluu "Maonyesho" lilinipeleka kwenye habari ya lile onyesho la Lusahunga, kwenye maegesho ya malori. Umeandika kwamba "maelfu kwa maelfu ya watu walifurika Lusahunga, barabara ya Rusumo ikafungwa, na wengine wakazimia". Mimi nilikuwepo, nilimsindikiza Ineza. Palikuwa na madereva waliokuwa wanangoja matairi, wauza mahindi ya kuchoma, na mbuzi mmoja aliyetafuna waya wa kipaza sauti hadi Ineza akaimba kwa mdomo mtupu. Aliyezimia alikuwa mlevi. Hapa umetia chumvi mpaka mboga hailiki, na kijana anayetia chumvi kwenye wimbo wa watu wengine ataitia pia akieleza alikuwa wapi jioni.

5. Nyumbani kwenu. Hili nililiacha liwe la mwisho, kama nyuma ya nyumba inavyoachwa mwisho. Palikuwa na neno la bluu "Nyumbani Kwetu". Nililiona tangu mwanzo nikabonyeza mengine kwanza. Nilijiambia, kijana huyu akinionyesha hapa hata jiko la mama yake, hata kibanda cha mbuzi, nitasahau mlango mweusi, nitasahau Lusahunga, na ile sentensi nitaikamilisha mwenyewe kwa kalamu. Nikabonyeza.

Umechora anga.

Anga la bluu, wingu moja upande wa kushoto, na huko chini kabisa kanundu ka kijani ambako huenda ni ncha ya kilima, huenda ni ndege aliyetulia. Hakuna kingine. Nilingoja, maana Sharifa alisema mashine nyingine huchelewa. Nikangoja mpaka yule dereva jirani akaaga akaenda zake Rusumo. Anga likabaki anga.

6. Kwa hiyo nimeyapanga yote kwa pamoja, kama tulivyofundishwa kupanga hoja. Watu wasio na miguu. Wanaong'aa penye giza kwa mwanga wa radi. Wanaoimba wakati wote. Hawakulelewa na mtu yeyote. Wanafuatwa na maelfu kwa maelfu. Na nyumbani kwao ni angani. Ndugu Mhariri, hiyo si bendi, hao ni malaika. Nilikwenda kwa katekista wetu kuthibitisha, na amethibitisha kwamba malaika hawaoi. Aliniuliza kwa nini nataka kujua, nikamwambia ni mambo ya intaneti.

Kutokana na hayo naomba yafuatayo kwa heshima zote. Kwanza, wanabendi warudishiwe miguu kabla ya Jumapili, Leonidas akianza, maana ndiye aliyepoteza zaidi. Pili, uandike barua rasmi kwa mashirika yote yaliyo wilaya za Ngara na Biharamulo kuyajulisha kwamba hatuhitaji kontena. Tatu, radi ihamishwe kutoka mlangoni iwekwe jikoni, au popote ambapo wageni hawapiti. Nne, tovuti yenyewe izungushiwe uzio wenye lango, na kila anayeingia aulizwe anatoka kwa nani. Tano, kama haya hayawezekani, ifungwe, na nusu ya juu ya Ineza irejeshwe Murukulazo iungane na nusu ya chini.

Kuhusu posa, nitamwambia kaka yangu ajibu hapana. Siwezi kumpa mtoto wangu mtu ambaye nilipomwomba anionyeshe kwao alinionyesha hewa. Najua Ineza atanuna hadi Pasaka. Najua na wewe utapanda lori. Nakutakia safari njema, na nakushauri ubebe koti, moja la yale ya theluji.

Nisalimie mwalimu wako wa kompyuta hapo kambini, mwambie kazi yake nimeiona. Nisalimie Leonidas, kama ana masikio. Wasalimie wote mnaochota maji bomba moja, na yule mama anayeuza dagaa karibu na zahanati, mwambie kopo lake bado ninalo. Huku wote wazima. Maharage yanakwenda vizuri, mvua zimeanza, na kaka yangu Gozbert maumivu ya mgongo yamepungua.

Ni mimi niliyekagua kwa macho yangu na kuandika bila chuki,

Mwl. Domisiana

Nakala:
Ndugu Gozbert, baba wa binti;
Bendi ya Radi Kavu, isomwe kabla ya mazoezi;
Ineza, akiwa ameshakula.

Nyongeza: Barua hii ilikuwa tayari imekunjwa. Leo nimeileta kwa Sharifa anitolee nakala, na kwa kuwa mashine ya nakala iko mikononi mwake alisoma bila kuombwa. Alipofika kwenye miguu alicheka akashika meza. Alipofika kwenye anga hakucheka. Akaniuliza, "Mwalimu, kwani hukushuka?" Nikamwambia nishuke wapi, nilikuwa nimekaa kitini.

Akaniketisha mbele ya mashine. Akashika kidole changu, akakiweka kwenye kigurudumu kidogo kilicho mgongoni mwa kipanya, akakizungusha. Ukurasa wote ukapanda juu, na kutoka chini ikaja miguu.

Derick, miguu ipo! Ilikuja yote. Ya Leonidas ilichukua muda maana ni mirefu kweli. Ya Ineza nayo imekuja, na imevaa viatu vyangu vya kanisani nilivyovitafuta tangu Pasaka hadi nikamsingizia mbwa wa jirani. Vitarudi lini hilo nitazungumza naye mwenyewe. Nikazungusha tena kwenye Lusahunga, na chini ya wale waliozimia umeandika kwamba hivyo ndivyo ungependa kueleza, lakini kwa kuwa shangazi wa Ineza alikuwepo, basi ukweli ni madereva, wauza mahindi na mbuzi. Umempa na mbuzi sifa zake. Nilicheka mpaka Sharifa akaja kuona.

Na ile sentensi inaendelea. "Alilelewa na shangazi yake, Mwalimu Domisiana, aliyemfundisha kuimba kwa nguvu akiwa mdogo, ili wakiwa shambani shangazi ajue wakati wote mtoto yuko wapi." Hilo sikuwahi kumwambia mtu. Sikujua hata kama Ineza alijua sababu.

Anga niliogopa kulishusha. Sharifa akanishushia. Kanundu kale ni kilima, mwanangu, tena nakijua, ni kile tunachokiona ng'ambo ya mto siku isiyo na ukungu tukiwa kwenye maharage. Chini ya kilima paa la nyasi. Chini ya paa mlango, uwanja uliofagiwa, zizi, mzinga wa nyuki, na mahali ulipoandika "mama alikuwa anasimama hapa akituita". Na maneno haya: "Shangazi, shikamoo. Kwetu kulichomwa na sikuona kilichobaki. Nimechora ninavyokumbuka. Zunguka nyuma." Nikazungusha, nawe ulikuwa umechora na nyuma. Kuni zimepangwa. Ni kavu. Choo kipo. Mtungi wa maji una kata juu yake. Nililia pale mbele ya wateja, na Sharifa akaniletea maji ya kunywa, nikayanywa yote.

Maisha yangu yote nimezunguka nyuma za nyumba za watu, na hii ya kwako nikaihukumu nikiwa nimesimama mlangoni. Barua naituma hivyohivyo, kwanza ili ujue unaoa katika ukoo wa namna gani, pili kwa sababu nakala zimeshatoka. Njoo Jumamosi na wazee wako wa Lukole, omba kibali cha kutoka kambini mapema. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, nimeshaiambia migomba. Kaka yangu nitamwambia mwenyewe, na mgongo wake utamruhusu kukaa.

Mchoro wako una kosa moja tu, Ndugu Mhariri. Kule kwenye njia ya kuja nyumbani umechora mama mmoja mwenye mwavuli, ukamwacha amesimama nje. Mwingize ndani.